Kwenda Kilwa Kisiwani na Songo Mnara: mwongozo wa anayekwenda mara ya kwanza

Maswali ya wanaotaka kwenda kuona magofu ya visiwa hivi viwili, pwani ya kusini ya Tanzania, ni yale yale kila msimu. Kibali kinatolewa wapi? Naweza kuvuka na kurudi siku hiyo hiyo? Wanangu watachoka? Kuna cha kuona, au ni kuta tu zilizoanguka? Nimeona heri niyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio ambao msafiri atayakabili.

Hilo la kuta nilijibu kwanza, maana ndilo linalowarudisha watu nyuma. Kilwa Kisiwani ulikuwa mji uliotawala biashara ya dhahabu kutoka Sofala (Msumbiji ya leo), ukafua sarafu zake wenyewe, na ukajenga jumba la kifalme lenye vyumba zaidi ya 100 wakati sehemu kubwa ya pwani yetu bado inaezeka makuti. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331 na akauhesabu miongoni mwa miji mizuri aliyoiona. UNESCO iliyaweka magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mtanzania anayepanga safari kwenda kuona majumba ya kale ya nchi za mbali, na hili hajaliona, naomba aanzie hapa.

Ila ni mahali panapotaka maandalizi. Ukikurupuka, utaona mawe na jua.

Unachohitaji kabla ya kuondoka

Siku tatu, angalau. Moja ya kusafiri na kulala Kilwa Masoko, mji wa kuvukia, moja ya Kisiwani, moja ya Songo Mnara au Kilwa Kivinje. Wanaolazimisha yote kwa siku moja hurudi na picha za Gereza (ngome ya kale) na Msikiti Mkuu tu, na Husuni Kubwa, lile jumba la kifalme, hawajaikanyaga.

Kitambulisho. Viingilio vya raia, vya wakazi wa Afrika Mashariki na vya wageni wengine havilingani, na bila kitambulisho cha taifa au pasipoti utahesabiwa kwenye kundi la juu.

Fedha taslimu za noti ndogo, pamoja na salio kwenye simu. Ada za serikali hulipwa kwa namba ya malipo unayopewa ofisini, lakini nahodha, mpishi na muuza madafu wanataka fedha mkononi. Kisiwani hakuna benki.

Viatu viwili: vya kutembelea njia ya mawe na miiba, na vya kukanyagia maji. Usivue viatu majini ukidhani chini ni mchanga mtupu. Kuna matumbawe, kuna chaza wenye makali ya wembe kwenye mizizi ya mikoko, na kuna urumba, wanyama wa baharini ambao miiba yao hukatikia ndani ya nyama.

Maji ya kunywa, lita mbili kwa mtu mmoja, na zaidi kama ni Desemba hadi Februari. Kofia. Kanga au shuka moja kwa kila mwanamke na shati la mikono kwa wanaume: mnakwenda kwenye kijiji cha Waislamu, si ufukwe wa hoteli. Mfuko wa nailoni wa kufungia simu. Tochi ndogo, nitaeleza kwa nini.

Na jambo ambalo wengi hawalihesabu kama kifaa: tarehe ya mwezi. Ijue kabla hujakata tiketi.

Hatua ya 1: Chagua siku kwa kufuata mwezi na upepo

Makosa mengi ya safari hii yanatokana na kupanga bila kuyauliza maji.

Siku za mwezi mpevu na za mwandamo, maji ya bamvua hujaa sana na kupwa sana. Pwani yetu, katika siku hizo, maji hujaa mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, na hupwa mnamo saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku inayofuata saa husogea mbele kwa kama dakika 50. Baada ya wiki moja mambo yanakuwa yamegeuka: ni maji mafu, yanajaa mnamo saa 4 asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo.

Maana yake kwako ni hii. Kisiwani panavukika karibu siku yoyote, kwa kuwa mlango wa bahari kutoka Masoko ni kama kilomita mbili tu. Songo Mnara ni habari nyingine. Boti hupita kando ya mikoko na mahali pa kushukia ni pa kina kifupi, kwa hiyo ukifika maji yamekupwa utatembea kwenye tope la magoti, tena mwendo mrefu. Panga Songo Mnara siku za maji mafu, karibu wiki moja baada ya mwezi mpevu au mwandamo, ili ufike asubuhi maji yakiwa juu. Kama likizo yako imeangukia kwenye bamvua, mwachie nahodha aamue saa, na usibishane naye.

Upepo nao. Kusi huvuma kwa nguvu Juni hadi Agosti, na bahari ya mchana huchafuka, ingawa asubuhi mara nyingi hutulia. Septemba hadi mapema Novemba ndio wakati ninaoupenda mimi: kusi imelegea, kaskazi haijaingia, mvua bado. Masika, Machi hadi Mei, epuka. Si kwa sababu ya kulowa tu. Mei 2024 barabara ya kusini ilikatika eneo la Somanga kwa mafuriko, na magari yakakwama pande zote mbili.

Hatua ya 2: Fika Kilwa Masoko, si Kilwa nyingine

Hapa wageni huchanganyikiwa. Kilwa ni tatu. Kilwa Masoko ni mji wa leo, makao ya wilaya, wenye gati na nyumba za wageni. Kilwa Kisiwani ndicho kisiwa chenye magofu. Kilwa Kivinje ni mji wa karne ya 19, upande wa kaskazini. Kondakta akikuuliza unashuka wapi, sema Masoko.

Kutoka Dar es Salaam mabasi huondokea Mbagala Rangi Tatu. Ni kama kilomita 300 za lami, saa tano hadi sita, ukivuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003. Panda la asubuhi. Basi likiwa la Lindi au Mtwara litakushusha njia panda ya Nangurukuru, na hapo utapata usafiri mdogo wa kumalizia safari hadi Masoko.

Anayetokea Dar na ana nusu siku ya ziada apitie kwanza Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Vitu vilivyochimbuliwa Kilwa viko huko: sarafu, shanga, kaure za Uchina, vyombo vya kung'arishwa kutoka Uajemi. Magofu yenyewe yamebaki matupu, na aliyekwisha kuviona vyombo anaweza kuvirudisha kwa macho yake kwenye zidaka za ukutani.

Hatua ya 3: Chukua kibali siku hiyo hiyo unayofika

Huruhusiwi kuvuka kutembelea magofu bila kibali na bila mwongozaji. Ofisi ya wasimamizi wa magofu ipo Masoko, na mwenyeji wa nyumba yoyote ya wageni atakuelekeza. Nenda jioni unayofika, ulipie, uchague mwongozaji, upange saa. Ukingoja asubuhi ya safari utakuta mstari, au mtandao wa malipo umelala, na maji hayakungoji.

Ukifika Ijumaa jioni au siku ya sikukuu, piga simu mapema kupitia nyumba ya wageni kuuliza kama ofisi itakuwa wazi.

Onyo: gatini kuna vijana watakaokuambia "twende tu, kibali utalipa ukirudi." Kataa kwa upole. Ukikutwa kisiwani bila karatasi utarudishwa, na fedha ya boti imekwenda.

Hatua ya 4: Patana na nahodha kwa mambo manne, si bei peke yake

Bei sitaitaja, maana inabadilika kwa mafuta na kwa msimu. Ulizia kwa mwongozaji wako kiwango cha siku hizo, kisha mkubaliane na nahodha mbele yake juu ya haya: ni boti ya injini au mashua ya tanga, inabeba watu wangapi, itawangoja hadi saa ngapi, na je, itawapeleka Husuni Kubwa kwa maji au mtatembea. Lipa nusu, nyingine mkirudi.

Kwa Kisiwani, mashua ya tanga inatosha na inapendeza. Ndivyo mji ule ulivyozoea kupokea watu. Kwa Songo Mnara chukua injini, na muulize kama ana mafuta ya akiba. Majaketi ya kuokolea uyaone kwa macho kabla hujapanda. Kama ni machache kuliko abiria, tafuta boti nyingine, hasa ukiwa na watoto.

Hatua ya 5: Vuka mapema, uanze na Gereza

Kuwa gatini saa 12 na nusu asubuhi. Jua la Kilwa kuanzia saa 5 linachoma, na kuta za matumbawe huurudisha mwanga machoni.

Jengo la kwanza utakaloliona ukiwa bado majini ni Gereza. Wareno chini ya Francisco d'Almeida waliuvamia mji mwaka 1505, wakauteka nyara na kujenga ngome hapa. Mwaka 1512 wakaondoka. Sehemu kubwa ya unayoiona leo ni kazi ya baadaye, ya Waomani, juu ya mabaki hayo. Angalia upande wa baharini jinsi mawimbi yalivyoula ukuta. Kwa sababu ya uharibifu wa namna hii UNESCO iliiweka Kilwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na baada ya kazi kubwa ya ukarabati, pamoja na mikoko kupandwa kuikinga fukwe, ikatolewa mwaka 2014.

Usikae hapa zaidi ya dakika 20. Watu wengi humalizia nguvu zao Gerezani kwa kupiga picha, ilhali ndilo jengo changa na, kwa maoni yangu, lenye machache ya kusema.

Kabla hujaingia ndani, pita kijijini usalimie. Kisiwa kina wenyewe. Wazee wakiwa barazani ni shikamoo kwanza, kisha maelezo ya safari. Usikatishe uani mwa mtu kwa sababu gofu liko nyuma ya nyumba yake, piga hodi.

Hatua ya 6: Ingia Msikiti Mkuu kwa kuanzia kaskazini

Hapa tulia. Ukiwa na saa moja tu kisiwani, itumie hapa.

Mwombe mwongozaji akuanzishe sehemu ya kaskazini, yenye mihrabu, ambayo ndiyo kongwe: msingi wake ni wa karne ya 11. Ni ndogo, na ilikuwa na dari bapa. Kisha geuka kusini uione sehemu iliyoongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yenye nguzo, matao na kuba. Sehemu hiyo kubwa iliporomoka, ikajengwa upya katika karne ya 15. Ukisimama katikati ya safu za nguzo na kutazama juu utaona kuba zilizosimama na zilizofunguka zikaacha mbingu.

Mambo matatu ya kuangalia, ambayo macho ya haraka huyapita:

Mawe yenyewe. Kuta zimejengwa kwa mawe ya matumbawe ya nchi kavu na chokaa iliyochomwa humo humo kisiwani. Lakini mapambo ya mihrabu na kingo za milango yamechongwa kwa matumbawe mabichi ya baharini, ambayo yakitolewa majini huwa laini kuchongeka, na yakikauka huwa magumu. Pitisha macho kwenye pembe za michongo, bado ni kali. Macho, si vidole.

Upana wa vyumba. Katika nyumba za mawe kisiwani kote utaona vyumba vyembamba na virefu. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake, kwa hiyo fundi hakuweza kupanua chumba zaidi ya hapo. Kuba na matao yalimpa njia ya kutoka kwenye kifungo hicho. Ndiyo sababu Msikiti Mkuu una upana ambao nyumba za matajiri hazina.

Mahali pa kutawadhia, upande wa nje. Wengi hupita bila kuuliza ni nini. Maji, mawe na mteremko vilipangwa kwa hesabu, na mwongozaji mzuri atakuonyesha yalikotoka na yalikokwenda.

Karibu na hapo kuna Msikiti Mdogo wa Kuba, wa karne ya 15, uliohifadhika kuliko majengo mengi ya kisiwani. Ingia, tazama juu ndani ya kuba, uone mahali vilipopachikwa vyombo vya kung'arishwa. Hapa ndipo tochi inapofanya kazi.

Muulize mwongozaji akusimulie kisa cha Ali bin al-Hasan wa Shiraz, aliyekinunua kisiwa kwa nguo ya kukizunguka chote. Kimo katika historia ya Kilwa iliyoandikwa zamani, na wenyeji wanakisimulia vizuri kuliko nitakavyokiandika mimi. Sikiliza, kisha kumbuka pia kwamba wachimbaji wa mambo ya kale, akiwemo Neville Chittick aliyefanya kazi hapa tangu mwisho wa miaka ya 1950 hadi katikati ya miaka ya 1960, walikuta chini ya mji wa mawe mabaki ya wakazi wa zamani zaidi waliojenga kwa miti na udongo, wakivua na kufua chuma.

Hatua ya 7: Pitia Makutani, kisha ufuate njia ya Husuni Kubwa

Makutani ni jumba lenye kuta nene karibu na bahari, la karne ya 18. Usilipite kwa kuwa halina mapambo. Zama hizo dhahabu ilikwisha kuondoka mikononi mwa Kilwa, na mwaka 1776 sultani alitia saini mkataba na Mfaransa Jean-Vincent Morice wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe kwenye mashamba ya visiwa vya Bahari ya Hindi. Mwongozaji asipolitaja hili, mwulize. Mji huu una fahari na una deni, na vyote viwili viko ndani ya eneo la kutembea robo saa.

Kutoka hapo ni kama nusu saa kwa miguu kuelekea mashariki, kati ya mibuyu na mashamba, hadi Husuni Kubwa. Kunywa maji kabla ya kuanza. Wenye watoto wadogo au wazee ndio wanaofaa kupanga boti iwazungushe.

Husuni Kubwa ni jumba alilolijenga Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, juu ya genge linalotazama bahari. Maandishi yenye jina lake yalipatikana humu. Tembea ukilifuata kwa shughuli zake: kusini kuna ua mpana wa mali na biashara, umezungukwa na vyumba vya kuhifadhia, mbele yake ni baraza la kupokea wageni lenye ngazi za kukalia, kisha birika la kuogea lenye pembe nane, kisha makazi, hadi ukingoni mwa genge. Mgeni mfanyabiashara aliishia uani. Wachache walifika birikani.

Simama kwenye ngazi za baraza ukitazama kuta zenye vishimo vidogo vya taa, ufikirie usiku mmoja vyote vikiwa vimewashwa.

Sarafu za sultani huyu ni za shaba, na zina jambo la kumfurahisha Mswahili: upande mmoja jina lake, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola, na pande mbili zinakamilishana kwa vina. Moja ya sarafu zake ilipatikana Great Zimbabwe, kwenye nchi dhahabu ilikotoka. Nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na hadi leo wataalamu wanabishana zilifikaje huko.

Kando kuna Husuni Ndogo, uwanja wenye ukuta na minara, ambao kazi yake bado ina mjadala. Dakika 10 zinatosha.

Rudini gatini kabla ya saa 8 mchana kama ni msimu wa kusi.

Hatua ya 8: Songo Mnara, siku yake peke yake

Ukichoka baada ya Kisiwani, pumzika siku nzima kabla ya kwenda huku, usiende umechoka. Safari ya boti ni ndefu zaidi, na ukishashuka kuna mwendo wa miguu kupita mikoko.

Kisiwani utaona misikiti na majumba ya kifalme. Songo Mnara utaona mtaa. Mji ulistawi karne ya 14 na ya 15, ukaachwa katika ya 16, na hakuna mji mwingine uliojengwa juu yake, kwa hiyo mpango wake unasomeka: ukuta wa mji, nyumba za mawe zaidi ya 40 zenye nyua na mabaraza, misikiti kadhaa, na katikati uwanja wa wazi wenye makaburi. Ingia nyumba moja tu, uifuate kutoka kwenye ngazi za mlangoni, baraza, chumba cha wageni, hadi chumba cha ndani kabisa. Aliyekulia kwenye nyumba ya kale ya Lamu au Mji Mkongwe atajua kugeuka wapi bila kuambiwa.

Hakuna duka. Beba chakula, na urudi na takataka zako zote.

Hatua ya 9: Siku ya mwisho, Kivinje

Hii ni rahisi, unakwenda kwa gari au bodaboda kutoka Masoko. Kivinje ilikuwa mwisho wa njia ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu kutoka Ziwa Nyasa. Milango ya kuchongwa, nyumba za wafanyabiashara na boma la Wajerumani bado vipo, vingine vikiwa hali mbaya. Uliza Mwembe Kinyonga. Hapo Wajerumani waliwanyonga waliowapinga, akiwemo Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895, miaka kumi kabla ya Kinjikitile Ngwale kunyongwa Mohoro mwanzoni mwa Vita vya Majimaji. Pana mnara wa kumbukumbu. Nyamaza kidogo, soma majina.

Makosa yanayorudiwa

Kuokota vigae. Ardhi yote imetapakaa vipande vya vyungu na kaure, na mkono huwasha. Acha. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza, na kipande kikiondoka mahali pake hakimwambii mtafiti chochote tena.

Kupanda juu ya kuta kwa ajili ya picha. Chokaa ya miaka 600 haishikilii uzito wa mtu anayeruka.

Kurusha droni bila ruhusa ya maandishi. Itachukuliwa.

Kuvaa kaptura fupi kijijini na kula hadharani mchana wa Ramadhani. Hutafukuzwa, lakini hutakaribishwa pia, na utakosa masimulizi ambayo ndiyo nusu ya safari.

Kumpa fedha mtoto anayekufuata. Kama unataka kusaidia, nunua chakula cha mchana kwa mama lishe wa kijijini. Mwongozaji akiagiza asubuhi, utakuta samaki na wali tayari.

Mambo yakikwama

*Upepo umechafuka, nahodha anakataa kuvuka.* Mshukuru. Badilisha siku: nenda Kivinje leo, vuka kesho alfajiri. Ndiyo maana nilisema siku tatu.

*Umefika ofisini, mtandao wa malipo haufanyi kazi.* Omba namba ya malipo iandikwe kwenye karatasi, ulipie kwa simu usiku mtandao ukirudi, na uhifadhi ujumbe wa uthibitisho. Asubuhi uuonyeshe.

*Mwongozaji anakimbiza.* Mwambie mapema, kabla ya kuvuka, kwamba mnataka saa sita kisiwani, na mlipe kwa saa hizo. Wengi hukimbia kwa sababu wageni waliotangulia walitaka kukimbizwa.

*Maji yamekupwa na boti imekaa mchangani.* Haitaharibika, wala hujapotea. Kaa kivulini, kunywa maji. Kupwa hadi kujaa ni kama saa sita, ila boti ndogo hung'oka mapema zaidi. Usijaribu kutembea hadi kisiwa kingine kwa kuwa panaonekana pakavu.

*Umechomwa na urumba.* Usifinye mwiba uliokatikia ndani. Loweka mguu kwenye maji ya moto unayoyavumilia, wavuvi watakusaidia kuutoa, kisha upite kituo cha afya kama unavimba.

*Uko Ulaya au Marekani na safari ya Kilwa haiwezekani mwaka huu.* Ukipita Lisbon, nenda Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, uulize Custódia de Belém. Ni chombo cha ibada cha dhahabu kilichokamilishwa mwaka 1506 kwa ajili ya Mfalme Manuel I wa Ureno, kutokana na dhahabu ya kodi ambayo Vasco da Gama aliilazimisha Kilwa itoe mwaka 1502. Jumatatu makumbusho hayo hufungwa, kwa hiyo panga siku nyingine.